Mekapu ya kila siku kwenye joto la pwani: rangi sahihi, tabaka jembamba

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Mbona nikipaka faundesheni nakuwa wa kijivu? Mbona nimetoka nyumbani niko vizuri, nikishuka kwenye daladala uso unang'aa kama umepakwa samli? Wanja umefikaje mashavuni? Majibu yote yako hapa chini, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwenye ngozi ya kahawia au nyeusi anayeishi penye joto na unyevu: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, Pemba. Ukiwa Nairobi, Arusha au Kigali hatua ni zile zile, ila punguza poda na uongeze losheni. Hii si mekapu ya harusi. Ni ya kwendea kazini, chuoni au dukani, na ukishaizoea haizidi robo saa, ukiacha muda wa kusubiri sanskrini ishike.

Kwenye joto, mekapu haidumu kwa kuongezwa. Hudumu ikipakwa kidogo na kuachwa ishike kabla hujaweka kitu kingine juu yake. Karibu kila kosa utakalosoma hapa limetokana na kusahau hilo.

Kwanza ijue ngozi yako

Nawa uso kwa sabuni laini, jikaushe kwa kugusagusa na taulo, kisha usipake kitu chochote kwa saa moja. Bandika tishu kwenye paji la uso, pua, kidevu na mashavu. Ikitoka na mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka na mafuta kwenye paji, pua na kidevu tu, ni mchanganyiko, na wengi mko hapa. Isipotoka na kitu na ngozi inavuta, ni kavu. Usijipime ukiwa umetoka juani. Utakuwa unapima jasho.

Vitu vya kuwa navyo

- Sabuni ya uso isiyo kali. Sabuni ya mche ni ya nguo. Ukinawia uso, ngozi inakauka.
- Losheni nyepesi ya uso. Ngozi ya mafuta ipate ya jeli, yenye gliserini. Ngozi kavu ipate krimu nzito kidogo.
- Sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, iliyoandikwa "broad spectrum".
- Faundesheni. Kwa ngozi ya mafuta tafuta isiyo na mafuta, iliyoandikwa "matte", yaani isiyong'aa.
- Konsila moja ya rangi yako na, ukiwa na weusi chini ya macho, nyingine ndogo ya rangi ya chungwa.
- Poda laini ya kukalisha.
- Penseli ya nyusi ya kahawia iliyokolea, wanja, maskara.
- Blashi.
- Penseli ya mdomo ya kahawia, na lipstiki au lipglosi.
- Sponji, pafu, brashi ya blashi, kibrashi cha kuchania nyusi, tishu, vijiti vya pamba.
- Kioo kilichowekwa ukitazama dirisha. Taa ya bafuni inadanganya, hasa ya njano.

Praima, yaani krimu ya kutandika chini ya mekapu, si lazima. Losheni iliyokaushwa vizuri hufanya kazi hiyo kwa watu wengi.

Kama fedha ni kidogo, usianze na faundesheni. Anza na sanskrini, halafu poda, penseli ya nyusi na penseli ya mdomo, kisha konsila ya kufunika madoa. Kwa vitu hivyo vitano unatoka nyumbani umependeza, na watu wengi hawahitaji zaidi ya hapo siku ya kazi.

Kwa majina: Black Opal ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya ngozi nyeusi, na faundesheni yake ya kijiti ni rahisi kwa anayeanza. Maybelline Fit Me ile ya "Matte + Poreless" inakaa vizuri kwenye ngozi ya mafuta. Konsila za L.A. Girl Pro Conceal ni za bei nafuu na zina ile ya rangi ya chungwa. Kwa poda, Ben Nye "Banana" ni ya njano na inafaa kahawia nyepesi hadi kahawia ya kati. Aliyekolea zaidi achukue "Topaz", maana Banana itamwachia ukungu. Fenty Beauty ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, kampuni nyingine nazo zilianza kuongeza rangi za ngozi iliyokolea, kwa hiyo leo huna sababu ya kukubali "hii inakaribia" ya muuza duka.

Iwe ni Kariakoo, Marikiti ya Mombasa au Dubois Road ya Nairobi, kagua kabla ya kulipa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo kwenye boksi na kwenye chupa (zilingane), na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Maandishi yenye makosa ya tahajia ni dalili ya bidhaa bandia. Nchini Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Tafuta pia picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye namba ndani, kwa mfano 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua.

Kuchagua rangi, mahali ambapo wengi wanapotea

Usipime nyuma ya kiganja. Mkono una rangi yake na uso una yake. Pima kwenye taya, mahali uso unapokutana na shingo.

Chora mistari mitatu ya rangi tatu zinazokaribiana, kila mmoja upana wa kidole, ukianzia shavuni kushuka hadi shingoni. Toka nje ya duka, simama kivulini mchana, jitazame. Rangi yako ni ile inayopotea. Usiamue hapo hapo. Subiri dakika 15, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zikigusana na hewa na mafuta ya ngozi. Iliyoonekana sawa dukani inaweza kugeuka ya chungwa ukifika kituoni. Muuzaji akikuharakisha, nenda kwa mwingine.

Kisha kuna rangi ya chini ya ngozi. Watu wawili wenye weusi ule ule wanaweza kuhitaji chupa tofauti, kwa kuwa mmoja ana wekundu chini, mwingine ana unjano, na mwingine yuko katikati. Kwenye chupa huandikwa "cool" kwa wekundu au ubuluu, "warm" kwa unjano na "neutral" kwa katikati. Kama faundesheni ina kiwango sahihi cha weusi lakini unaonekana kama umevaa uso wa mtu mwingine, kosa liko hapa. Badilisha aina na ubaki kwenye kiwango kile kile.

Ngozi nyeusi mara nyingi haina rangi moja uso mzima. Paji, pembeni mwa uso na kuzunguka mdomo huwa pamekolea, katikati ya mashavu pamepauka kidogo. Ukichagua kwa kufuata shavu, pembeni kutaonekana majivu. Fuata taya na shingo. Ukitaka kumaliza kazi kabisa, nunua rangi mbili zinazofuatana: iliyokolea ya pembeni, nyepesi ya katikati. Chupa mbili hizo zitakutosha pia msimu wa jua kali ambapo rangi yako inabadilika. Utachanganya tone moja moja.

Na tafadhali, usinunue rangi iliyopungua viwango viwili "ili niwe mweupe kidogo". Hutakuwa mweupe, utakuwa wa kijivu, na shingo itakusema.

Hatua kwa hatua

1. Nawa. Tumia maji ya kawaida na sabuni ya ukubwa wa punje ya njegere, kwa sekunde 30 hadi 60. Asubuhi, mwenye ngozi kavu anaweza kunawa kwa maji matupu. Acha ngozi ikiwa na unyevu kidogo.

2. Losheni. Ukubwa wa punje mbili za mahindi unatosha uso mzima na shingo. Ngoja dakika tatu. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi usiyaweke chini ya mekapu: ya mgando hukaa juu ya ngozi na kila kitu kitateleza, ya nazi huziba vitundu vya ngozi kwa wenye chunusi. Ya mgando yatapata kazi yake usiku.

3. Sanskrini. Chora mstari kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia ncha hadi shina. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Gawa mara mbili ili isitoe mabonge. Ukipaka nusu yake, kinga unayopata haifikii namba iliyoandikwa kwenye chupa. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB (ile ya jua inayounguza ngozi), SPF 50 takriban 98, hivyo kiasi unachopaka kina uzito kuliko kukimbilia namba kubwa. Ngoja dakika 15. Piga pasi, kunywa chai.

   Wenye ngozi nyeusi wanaosema hawahitaji sanskrini waangalie madoa yao ya chunusi. Jua ndilo linaloyafanya yakatae kufutika. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana unachangia, na huo sanskrini nyingi zisizo na rangi haziuzuii vizuri. Zilizotiwa rangi ya kahawia zina oksidi za chuma, ambazo husaidia kuuzuia, na pia hazikuachii ule ukungu mweupe wa zinki.

4. Rangi ya chungwa kwenye weusi. Tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti kwa kila jicho. Gonga kwa kidole cha pete, pale palipo na weusi tu. Kahawia nyepesi itumie rangi ya pichi, kahawia ya kati chungwa, iliyokolea sana chungwa yenye wekundu. Chungwa huua ubuluu uliomo kwenye weusi ule. Konsila peke yake ingeufunika kwa muda, halafu igeuke kijivu. Ngoja dakika moja.

5. Faundesheni. Lowesha sponji mpaka ifure, ikamue ndani ya tishu isidondoshe hata tone. Mimina faundesheni nyuma ya mkono: mbonyezo mmoja wa pampu, au ukubwa wa sarafu ndogo. Chovya sponji, anza katikati ya uso (kando ya pua, kidevu, katikati ya paji) na utoke kuelekea pembeni. Gonga, usiburute. Kuburuta huacha mistari na kung'oa sanskrini iliyo chini. Kilichobaki kwenye sponji kishushe chini ya taya hadi shingoni. Usiongeze kipya huko. Doa ambalo bado linaonekana usilifuate kwa kupaka uso mzima mara ya pili. Hilo ni la konsila.

6. Konsila. Kwa madoa, iwe rangi yako kamili: nukta moja, iache sekunde 30 inate, kisha gonga kingo zake tu. Chini ya macho unaweza kutumia iliyo nyepesi kwa kiwango kimoja, si zaidi. Chora mstari mfupi kwenye kona ya ndani na mwingine kona ya nje, ziunganishe kwa kugonga. Pembetatu kubwa za mitandaoni ni za kamera na taa. Mchana kweupe zinaonekana kama ugonjwa.

7. Poda. Kunja pafu katikati, chovya, kung'uta, sugua kwenye mkono mpaka poda iingie ndani ya pafu. Kisha kandamiza: kando ya pua, kati ya nyusi, kidevu, chini ya macho. Mashavu yapate mabaki tu. Kandamiza maana yake bonyeza na uinue. Ukisugua unahamisha faundesheni. Wanaovaa hijabu au mtandio wakandamize pia mstari wote wa taya na ukingo wa paji, kisha wangoje dakika tano kabla ya kufunga, la sivyo faundesheni itahamia kwenye kitambaa.

   Poda nyeupe ya silika tupu ikipigwa picha kwa flashi hung'aa nyeupe. Jipige picha moja ya flashi kabla ya kwenda kwenye shughuli.

8. Nyusi. Simamisha penseli kando ya tundu la pua, wima: inapogusa ndipo nyusi ianzie. Ilaze ipite ukingo wa nje wa mboni: hapo ndipo kilele. Ilaze tena ipite kona ya nje ya jicho: hapo ndipo mwisho. Chana nywele juu kwa kibrashi, chora vijistari vifupi mfano wa nywele sehemu zenye mapengo, kisha chana tena rangi isambae. Mkono uwe mwepesi mwanzoni mwa nyusi na mzito kuelekea mkiani. Penseli nyeusi tii inakupa uso wa hasira, hata kama nywele zako ni nyeusi.

9. Macho. Kwa siku ya kazi, wanja kwenye mizizi ya kope za juu unatosha. Vuta kope la juu taratibu kwa kidole, chora kwa nukta nukta, unganisha. Ukipenda wanja wa chini, kwanza bonyeza poda kidogo chini ya jicho, halafu tumia penseli isiyopitisha maji. Maskara: weka brashi kwenye shina la kope, itikise kulia na kushoto, panda nayo hadi nchani. Tabaka mbili. Usiipige brashi ndani ya chupa kama unasukuma pampu. Unaingiza hewa, maskara inakauka mapema na vijidudu vinaingia pamoja nayo.

   Kuhusu wanja wa asili wa unga au jiwe: baadhi yake husagwa kutoka madini ya galena, yenye risasi, ile metali ya sumu. Usitumie usiojua umetengenezwa na nini, na usiwapake watoto wachanga kwa hali yoyote, hata bibi akisisitiza. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

10. Blashi. Kwa ngozi iliyokolea chukua rangi ya tofali, zambarau iliyoiva au nyekundu nzito. Kwa kahawia nyepesi, pichi iliyokolea au waridi lililoiva. Pinki nyepesi ina weupe ndani yake na itapauka ikishafika shavuni. Acha nafasi ya vidole viwili kutoka puani, anza kwenye mfupa wa shavu na upandishe kuelekea sikioni. Brashi moja, kung'uta, mipigo miwili. Angalia. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

11. Midomo. Watu wengi wana mdomo wa juu uliokolea kuliko wa chini, ndiyo maana lipstiki moja hutoa rangi mbili. Dawa yake ni penseli ya kahawia: chora ukingo, kisha jaza mdomo mzima, juu na chini, ndipo upake lipstiki. Bana tishu kati ya midomo, paka mara ya pili, bana tena. Mwisho weka kidole cha shahada mdomoni, funga midomo na ukitoe. Rangi ambayo ingeishia kwenye meno inabaki kidoleni. Siku za haraka, penseli ya kahawia na lipglosi isiyo na rangi haijawahi kumwangusha mtu. Ukitaka rangi ya asili, chagua kahawia au karameli. Zile za mwili wa mzungu zitakuacha kama mwenye homa.

Ukiwa na dawa ya kunyunyiza ya kukalisha mekapu, ishike sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, mipulizo miwili au mitatu, macho yamefungwa, iache ikauke yenyewe.

Mchana kutwa

Saa sita ukianza kung'aa, tishu kwanza. Tenganisha tishu ipate tabaka moja, ibonyeze usoni, usifute. Ikishanyonya, ndipo poda kidogo puani. Kuweka poda juu ya jasho kunatengeneza tope, na tope likikauka linapasuka.

Sanskrini hutakiwa kurudiwa kila saa mbili ukiwa juani. Juu ya mekapu si rahisi: mimina kidogo kwenye sponji safi na ubonyeze taratibu. Zile za poda na za kunyunyiza ni bora kuliko kutopaka, lakini ni vigumu kupata kiasi cha kutosha kwazo. Mwavuli au kofia pana ndiyo suluhisho la kweli kwa anayetembea saa nane mchana.

Kwa wanaoswali: udhu unataka maji yafike kwenye ngozi, na vitu visivyopitisha maji vinazuia. Wengi hutawadha kabla ya kujipodoa na kutunza udhu. Mwingine hubaki na poda, blashi na wanja unaotoka kwa maji, na anarudia baada ya swala. Panga mapema ni ipi inakufaa kabla ya kununua maskara isiyotoka.

Usiku: kutoa kila kitu

Vitambaa vya kufutia peke yake havitoshi, vinasambaza. Paka mafuta ya kusafishia au "micellar water" (maji ya kutolea mekapu) kwenye pamba, iweke juu ya jicho sekunde 20 ili wanja uyeyuke, halafu vuta kushuka chini. Endelea na uso, kisha nawa kwa sabuni ya uso. Malizia na losheni. Liwa na singo ni mambo mazuri ya mwisho wa wiki, lakini singo yenye chembe chembe usiisugue kwenye chunusi zilizo hai, utazipasua na kujiongezea madoa.

Sponji ioshe kila baada ya matumizi, au angalau kila siku ya pili, kwa sabuni laini, na uikaushe penye hewa. Ikifungiwa ikiwa mbichi kwenye pochi inaota ukungu. Brashi mara moja kwa wiki kwa shampuu. Zilaze, usizisimamishe, maji yakishuka shingoni mwa brashi yanaachanisha gundi na nywele zinang'oka. Maskara idumu miezi mitatu, faundesheni ya maji mwaka mmoja, poda miaka miwili. Usiviache ndani ya gari.

Onyo kuhusu mkorogo

Tunaliweka hapa kwa sababu swali la "nipate faundesheni gani, uso na mikono vina rangi tofauti" mara nyingi lina mkorogo nyuma yake. Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda, lakini bado vinauzwa chini ya meza. Soma kopo: "hydroquinone", "mercury" na "calomel" (zebaki), "clobetasol" na "betamethasone" (steroidi). Kama maelezo yanakuambia usiiguse dhahabu au fedha, hiyo ni dalili ya zebaki. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi ambayo hayana faundesheni. Krimu za steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na kuziacha ghafla hulipua wekundu na vipele; muone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuziacha.

Mambo yakiharibika

*Nimekuwa kijivu.* Faundesheni ni nyepesi kuliko wewe, au ina wekundu wakati wewe una unjano, au poda ni nyeupe. Jaribu bila poda kwanza. Ukijivu ukiondoka, badilisha poda. Ukibaki, badilisha faundesheni. Usiitupe: tone moja la faundesheni iliyokolea zaidi linaweza kuiokoa.

*Inatoa vipunje vipunje nikipaka.* Hujasubiri tabaka la chini likauke, au umepaka nyingi, au vitu viwili havipatani. Angalia viungo vitano vya mwanzo: majina yanayoishia na "-cone" au "-siloxane" ni silikoni. Silikoni juu ya silikoni, maji juu ya maji.

*Imepasuka chini ya macho.* Konsila nyingi, poda nyingi. Gonga kwa kidole kuondoa mistari kabla ya kuweka poda, na poda iwe ya kupitisha tu. Ngozi ya hapo ikiwa kavu, losheni kidogo dakika kumi mapema.

*Pua inamenyeka baada ya saa mbili.* Umepaka kwa kuburuta, au losheni ni nzito. Puani weka mabaki tu ya faundesheni na ukandamize poda mara mbili badala ya moja.

*Wanja unashuka.* Mafuta ya kope na krimu ya macho ndiyo yanayouyeyusha. Acha krimu ya macho kwa ajili ya usiku, weka poda chini ya jicho, na usipake wanja ndani ya ukingo wa chini siku za joto kali. Kwa anayevaa lenzi, vaa lenzi kwanza, wanja ubaki nje ya mstari wa maji, yaani ukingo wa ndani wa kope.

*Lipstiki inatambaa nje ya mdomo.* Umeweka mafuta ya midomo na lipstiki papo hapo. Mafuta yapakwe unapoanza mekapu, yafutwe kwa tishu kabla ya penseli.

*Nimepata chunusi mpya.* Acha vyote kwa wiki mbili, kisha rudisha kimoja kila baada ya siku tano. Kitakachozirudisha ndicho chenye makosa. Kabla ya kumlaumu mtengenezaji, kagua sponji yako. Kipodozi kipya kijaribu ndani ya kiwiko kwa saa 24 hadi 48 kabla hujakipeleka usoni.

*Macho yanawasha na kutoa machozi.* Toa kila kitu, osha kwa maji safi, tupa maskara na wanja wa maji hata kama bado vimejaa, chonga penseli mpaka sehemu mpya itokee. Usirudi kupaka macho mpaka yapone kabisa, na usimwazime mtu wanja wako wala usiazime wa mwenzio. Yakibaki mekundu zaidi ya siku mbili, au ukiona ukungu, nenda hospitali.